Tuna milioni 11 na madereva wawili wachanga: tununue gari gani?

Shikamoo mzee wa gereji,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Soweto hapa Moshi na nauza mitumba soko la Memorial. Mume wangu ni mwalimu mstaafu, ana sukari, na kila mwezi lazima afike kliniki KCMC. Binti yetu ana miaka 20, anasomea uuguzi, na kuna siku anatakiwa awe wodini saa moja asubuhi. Kaka yake ana 22, yuko mwaka wa pili pale Ushirika. Miaka yote tumekuwa watu wa bajaji na boda, na nikipiga hesabu ya nauli kwa mwezi naona kama nalisha mtoto wa tatu.

Mwezi uliopita tulivunja kikoba. Nikijumlisha mgawo wangu na kilichobaki kwenye kiinua mgongo cha mwalimu, tuna milioni 11. Ndizo hizo hizo, hakuna nyingine nyuma yake. Tunataka gari moja la familia, na watakaoliendesha ni hao watoto, maana mimi sijui kuendesha na baba yao macho yameanza kumsumbua.

Hapo ndipo amani ilipotoka nyumbani. Shemeji yangu wa Arusha ana Subaru Forester ya mwaka 2004, yenye turbo, na anatuachia kwa milioni 9 "kwa sababu ni familia". Kijana wangu ameshalikubali hata kabla hatujakaa kikao. Anasema likipita mtaani kila mtu anajua limepita. Siku tulipokwenda nalo msibani Kibosho niliona mshale wa joto umepanda. Nilipomuuliza shemeji akasema ni rejeta tu, hela ya soda. Kadi anayo, ila bado ina jina la mtu aliyemuuzia yeye.

Dalali wa hapa mjini naye ananiletea Vitz ya cc 1000, namba E, milioni 10 na nusu, inang'aa kama sahani ya harusi. Anasema nikisubiri hadi Jumatatu nitakuta imeshaondoka. Binti, ambaye ndiye mwenye leseni (alisoma udereva mwaka jana), anasema yeye apewe chochote chenye breki. Kaka yake amejifunzia kwenye gari la rafiki yake, na leseni "inashughulikiwa".

Nichukue la shemeji nisivunje undugu, nichukue hiyo inayong'aa, au nirudi kwenye bajaji yangu?

Mama wa wawili, Soweto, Moshi

*

Marahaba, mama wa wawili.

Katika barua yako yote, mwenye akili zaidi ni huyo binti. Chochote chenye breki! Nimelala chini ya magari ya watu pale Unga Limited zaidi ya miaka 30, na wateja walioanza na neno hilo nawahesabu kwa vidole. Wengi huanza na rangi, wakaja kwenye rimu, halafu muziki. Breki huulizwa siku ya kulipia, kama chenji.

Tuanze na namba E, kwa sababu ndiyo inayowala watu wengi. Herufi ile inakuambia jambo moja tu: gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania. Haisemi lilitengenezwa lini. Vitz ya 2001 ikishushwa bandarini Dar es Salaam juzi inapewa namba mpya, na mzee wa miaka zaidi ya 20 anatembea na namba ya kijana. Ni kweli kwamba gari ambalo halijakaa sana kwenye barabara zetu mara nyingi bodi na bushi zake zina nafuu. Lakini nafuu hiyo unaitazama kwa macho yako, huisomi kwenye bango la namba. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi. Muulize dalali akuonyeshe kadi, uone kama Jumatatu itabaki kuwa Jumatatu.

Wewe ni mtu wa Memorial, mama. Hujawahi kununua koti kwa kutazama lebo. Unaligeuza ndani nje, unavuta mshono, unanusa kwapa, unalinyanyua kwenye mwanga. Nataka ufanye hivyo hivyo kwenye gari.

Sasa Subaru ya shemeji. Sina ugomvi na Subaru, nimetengeneza nyingi na zimenisomeshea watoto. Ila hili halikufai. Injini yake silinda zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, na ikifika kwenye gasketi za silinda hedi mafundi wengi huishusha injini nzima ndipo wafanye kazi kwa nafasi. Gari linalopandisha joto kwenye mlima wa Kibosho linaweza kweli kuwa na rejeta iliyoziba. Linaweza pia kuwa na gasketi iliyokwisha, na dalili za mwanzo zinafanana. Anayekuambia ni hela ya soda, mwambie ainunue hiyo soda yeye kwanza, ndipo mzungumze bei. Juu ya hapo kuna mkanda wa taimingi, unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na habari ya injini inaishia hapo.

Hilo ni la mfuko. La pili linanisumbua zaidi. Forester ile ya turbo ina nguvu za farasi 220 hivi. Toyota IST ya cc 1500 ina kama 110, yaani nusu. Kijana wa miaka 22 ambaye bado hana leseni, mwenye marafiki watatu nyuma na mngurumo anaoupenda, kwenye ile lami iliyonyooka ya Boma Ng'ombe kuelekea KIA... sitaki kuimalizia. Shirika la Afya Duniani limesema kwa miaka sasa kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Watoto wako wote wawili wamo humo.

Je, Vitz ndogo basi? Kwa mafuta na spea huwezi kuilaumu, na mtu wa mjini peke yake inamtosha. Lakini cc 1000 ina farasi 70 hivi. Mpakie mwalimu, mama, belo moja na watoto wawili, halafu panda Kibosho au Uru. Utafika, ila itabidi muimbe pambio kuisukuma. Kuna jambo jingine ambalo madalali hawalisemi: uzito unamlinda aliyemo ndani. Vitz ile haifikishi kilo 1,000, na barabara ya Moshi kwenda Arusha imejaa Coaster, Noah na malori. Dereva mchanga hukosea, ndiyo maana anaitwa mchanga, kwa hiyo gari lake liwe na nyama kidogo ya kumfunika siku atakapokosea.

Ningekuwa wewe, ningetafuta Toyota ya cc 1500 yenye injini wanayoiita 1NZ. Imo kwenye IST ya kizazi cha kwanza (2002 hadi 2007), kwenye Raum ya kuanzia 2003, kwenye Spacio, na kwenye Premio na Allion ndogo. Injini hiyo haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na ukiilisha oili kwa wakati itazeeka na wewe. Spea zake zipo kila kona ya Moshi na Arusha, na hakuna fundi wa kukudanganya kwamba hajawahi kuiona. Raum ina mlango wa kuteleza, na mwalimu akianza kuumwa magoti atakushukuru. Premio ni nzito na imetulia barabarani, ila iko chini, mawe ya milimani yatalikwaruza tumbo. Ukiletewa Premio ya cc 2000 yenye neno D4, ipigie saluti ipite, injini ile inataka mafuta safi na fundi wa pekee. Mimi kwa familia yako naona IST au Raum. Kijana atanuna wiki mbili.

Usitumie milioni 11 zote kwenye gari. Gari lenyewe lisipite 9. Kwa hela hiyo utapata IST ya namba C au D za mwanzo, na kama ni nzima haina aibu yoyote. Zile mbili zinazobaki hazijabaki: zina matairi, oili ya injini na ya giaboksi, pedi za breki, bima, na kubadilisha jina. Anayenunua gari akabaki na nauli tu ya kurudi nyumbani hajanunua gari, amenunua kesi. Na kuhusu kuagiza Japan, usijisumbue kwa kiasi hicho. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, kuna VAT ya asilimia 18, na gari lililopita miaka 10 lina ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, kabla hujataja meli. Kikokotoo kiko kwenye tovuti ya TRA, mwambie kijana akifungue ajionee mwenyewe.

Haya, tugeuze koti ndani nje.

Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, muulize alikuwa anaficha nini, maana injini mbovu ikishapata joto hujifanya nzima. Waka ya kwanza ndiyo ya ukweli. Mtu mmoja asimame nyuma: moshi wa bluu ni oili inayoungua, na moshi mweupe usiokoma ni maji yanayoingia ndani. Kabla ya hapo, injini ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utandu kama uji wa maziwa chini yake, funga, salimia, ondoka.

Kisha jambo dogo ambalo watu hawalifanyi. Zungusha ufunguo bila kuwasha injini, tazama dashibodi. Taa ya ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge) na taa ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka kwenye ajali) lazima ziwake, kisha zizime zenyewe baada ya sekunde chache. Zikibaki zinawaka kuna hitilafu. Zisipowaka kabisa ni mbaya zaidi, kwa sababu kuna mtu ameng'oa balbu ili usijue. Nimeyaona hayo kwenye magari yanayong'aa kuliko hiyo Vitz yako. Kwa dereva mchanga vitu hivyo viwili ndivyo unavyolipia, redio ni nyongeza. (Na redio yenyewe, kama gari ni la Japan na halijawekewa kifaa cha kuongeza masafa, inaishia FM 90. Stesheni zako nyingi hutazipata. Usibishane bei kwa ajili ya hilo.)

Kwa kuwa tumegusa eabegi: mwaka 2015 Toyota iliyaita tena mamilioni ya magari duniani, zikiwamo Vitz na Corolla za 2003 hadi 2007, kwa sababu eabegi za kampuni ya Takata zilikuwa zinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevu wa miaka mingi ndivyo vinavyoziharibu. Yapo yaliyorekebishwa kabla ya kuuzwa nje na yapo ambayo hayakurekebishwa. Tovuti ya Toyota ya Japan inakuruhusu kuingiza namba ya chesisi na kuona. Iko kwa Kijapani, lakini simu za siku hizi zinatafsiri. Hiyo kazi mpe kijana, atajisikia amehusishwa.

Nyanyua zulia la buti, toa tairi la akiba, papasa bati la chini. Likiwa na mikunjo au alama za kuchomelewa, gari liligongwa nyuma. Vuta kila mkanda wa kiti kwa nguvu ya ghafla: lazima ushike, na ukiuachia urudi wote. Mkanda unaorudi nusu unaweza kuwa umeshashuhudia ajali. Tazama vioo kimoja kimoja. Chenye nembo tofauti na wenzake kina historia yake. Kwenye matairi kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukiona 2317, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi lenye kashata (meno) nzuri lakini la miaka kumi limekauka kama ngozi ya ngoma, na mvua ya masika ndiyo itakayokuambia.

Halafu gari lipelekeni mlimani, siyo kuzunguka Clock Tower. Toka Moshi mjini panda Kibosho, binti akiwa kwenye usukani na fundi wako kando. Namaanisha fundi wako, siyo wa dalali. Mkipanda, tazama mshale wa joto na sikiliza giaboksi. Mkifika juu mwache apumue, arudishe D kwenda R: gari lichukue gia mara moja bila kupiga teke. Mkishuka ndipo nataka ukae macho. Wapo madereva wa huku wanaotia N kwenye mteremko eti wanaokoa mafuta, na mwanao aliyefundishwa na rafiki nina wasiwasi tayari ameshaujua mchezo huo. Mteremkoni unatia 2 au L, injini ilishike gari, breki zisipikwe. Usukani ukitetemeka ukikanyaga breki, diski zimepinda. Gari likivuta upande mmoja, kuna gurudumu halishiki. Kufika chini nusa magurudumu.

Karatasi nazo. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati ndani ya boneti ifanane na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Ukiambiwa kadi imepotea, jiulize imelala kwa nani, maana watu huziweka dhamana za mikopo. Faini angalia kwenye mfumo wa TMS wa polisi kwa namba ya gari. Bima hakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, stika peke yake haitoshi. Mkataba upite kwa wakili, kisha jina libadilishwe TRA. Hapa ndipo gari la shemeji linapogoma kabisa: kama kadi bado ina jina la mtu wa kwanza, basi kwenye karatasi shemeji anakuuzia kitu ambacho bado hakina jina lake. Gari likigonga mtu kesho, mtaanza kumtafuta bwana mmoja ambaye huenda keshahamia Mwanza.

Bima ndogo ya gari la binafsi ni 118,000 kwa mwaka, nayo inamlipa uliyemgonga, wewe haikulipi kitu. Mkiweza bima kubwa mwaka wa kwanza, ambao ndio wa makosa mengi, jibaneni mkate. Ila uliza kabla hujatia saini: dereva wa chini ya miaka 25 mnamchukuliaje, na sehemu nitakayochangia mwenyewe inapanda kiasi gani? Wengine huificha kwenye maandishi madogo. Na asiye na leseni akikamata usukani, bima yoyote ile itakugeuzia mgongo. Kwa hiyo kijana asiguse ufunguo hadi amalize mafunzo. VETA ipo hapo hapo Moshi, na ada yake itoe kwenye zile milioni mbili kabla hujafikiria vitambaa vya viti.

Hata akipata leseni, miezi sita ya kwanza asiendeshe usiku, na asibebe zaidi ya rafiki mmoja. Siyo kwamba marafiki ni wabaya. Wakijaa vijana wanne kwenye gari, dereva huanza kuendeshea macho ya wenzake. Simu ikae kwenye buti ikibidi.

Umebaki na undugu. Shemeji usimwambie gari lake bovu, hata kama ndivyo. Mwache mume wako ampigie, ni ndugu yake, amwambie hivi: "Watoto wamekatazwa na mwenye bima gari la turbo, na mimi mwenyewe sina macho ya kuliendesha." Yote mawili yanakaribia ukweli. Halafu mwombe aje Moshi siku ya kujaribu gari jipya, kwa kuwa yeye ni mzoefu. Atakuja, atalikosoa mpaka mjute, na mafundi wawili ni bora kuliko mmoja. Mpikie kiburu.

Dalali mwambie Jumatatu iko mbali, apeleke tu.